Lililoelea Halisafiri

Dole gumba limeharibu maembe mengi kuliko funza na mvua ya mawe. Nasema hivi kwa hakika ya mtu aliyetazama kwa miaka mingi, na sitarudi nyuma.

Mtazame mnunuzi wa sokoni Mpanda mjini, hata leo. Anasimama mbele ya fungu, anaokota embe, analiminya, anakunja uso, analirudisha. Anaokota la pili, analiminya kwa nguvu zaidi kana kwamba la kwanza lilimtukana. Akimaliza fungu zima anaondoka na moja, na mengine yote ameyaachia alama isiyoonekana. Kesho alama hiyo itakuwa doa la kahawia, keshokutwa itakuwa mlango wa inzi, na muuzaji ataambiwa kwamba anauza uozo. Aliyeyaozesha yuko kwake, amekula lake, amefuta mdomo. Kwangu mimi huyo ni mwizi wa namna ya pekee: anaiba uzima wa kitu na kukiacha kitu chenyewe pale pale kilipokuwa.

Mwenye kisu ni mbaya zaidi. Yeye hupasua embe la mwenzake ili kujua kama lilistahili kupasuliwa. Akikuta limekomaa, atasema, "Sawa, ni zuri," na uzuri wake umekwisha pale pale aliposema.

Kwamba upo upimaji mwingine, upimaji unaoliacha tunda kama ulivyolikuta, sikufundishwa chuoni. Nilijifunza Kabungu, kwa mama mkwe wangu, katika miaka ya tisini.

Nilifika Kabungu nikiwa mke mpya na mwalimu mpya wa shule ya msingi, mwenye cheti ambacho hakijapata mkunjo na imani kubwa katika chaki. Wakati huo Mpanda ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Rukwa. Tukisema Katavi, tulimaanisha hifadhi ya wanyama na si kingine. Mume wangu alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, kwa hiyo tulijenga uani kwa mama yake. Mama alikuwa mjane, mrefu, mkavu wa maneno, asiyecheka kwa adabu tu. Alicheka jambo likichekesha. Wanawake wa kijiji walimwita Mama mbele yake, na nyuma yake walimwita Hakimu.

Hukumu zake zilihusu maembe. Akina mama wa Kabungu walikuwa na kikundi. Msimu ulipoanza, mvua za kwanza zikiwa zimeshalowesha mashamba, kila mwanachama alileta maembe yake kwenye ghala la kijiji, yakapimwa, yakapangwa katika matenga yaliyofumwa kwa fito, matenga yakashonwa midomo kwa kamba ya katani, na lori likayapeleka stesheni Mpanda. Hapo treni iliyachukua kupitia Kaliua hadi Tabora, ambako mama mmoja mfanyabiashara aliyapokea na kuyauza.

Treni ile haikuwa na ahadi. Mvua ikikata tuta, behewa lingesimama porini chini ya jua hadi reli itengenezwe. Kwa sababu hiyo embe la kusafiri lilipaswa kuwa limekomaa kabla ya kuiva. Likichumwa changa haliivi kamwe. Hunywea, ganda likajikunja kama ngozi ya kiatu kilichoanikwa. Likichumwa limeiva, linafika uji. Na moja lililooza katikati ya tenga halifi peke yake. Huwafuata jirani zake mmoja mmoja. Embe la mwanamke mzembe liliozesha embe la mwanamke mwangalifu, na Tabora hawakuuliza lipi lilikuwa la nani. Walisema tu, "Maembe ya Kabungu."

Hii ndiyo sababu ya ukali wa mama mkwe wangu, na mtu anayedhani ukali wote ni roho mbaya hajawahi kubeba jina la watu wengi katika tenga moja.

Upimaji wake ulikuwa na utaratibu. Kwanza jicho: embe lililokomaa hunenepa mabega, mabega yakapanda juu hadi kikonyo kikaonekana kimekaa ndani ya kishimo. Kisha pua, pale pale kwenye kikonyo, kutafuta harufu nyepesi iliyoanza kuamka. Kisha sikio: aligonga ganda kwa ukucha wa kidole cha kati, na embe changa lilijibu kwa sauti ya juu, lililokomaa kwa sauti iliyozama. Kisha mkono. Lakini mkono ulikuwa na sheria: embe lilibebwa kwa viganja viwili, kama mtoto anavyopokea kitu kwa mkubwa wake, na dole gumba lilikunjwa ndani. Mwanamke aliyejisahau akaminya alipigwa kofi dogo la mkono, awe mke wa mwenyekiti au awe nani.

"Dole hilo lirudishe kwako," angesema Mama. "Likaminye ugali."

Baada ya hayo yote, kauli ya mwisho ilitolewa na maji. Mbele ya ghala kulikuwa na nusu ya pipa la chuma lililokaa juu ya mawe, limejazwa maji ya kisima. Embe lililokomaa ni zito kwa nyama yake, lilizama. Embe changa lilielea. Sheria ya kikundi ilikuwa na maneno mawili tu, na watoto wangu wa darasa la pili waliiimba wakiruka kamba bila kujua maana yake: lililoelea halisafiri.

Kisu hakikuruhusiwa kabisa. Nilipokuwa mgeni niliuliza kwa nini wasipasue moja moja kwa kila tenga wakaona ndani. Mama alinitazama kama aliyesikia swali la mtoto.

"Anayepasua hapimi, Mwalimu. Anakula."

Aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, sikujua kama ni heshima au mzaha. Nadhani vilikuwa vyote.

Na kulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kabla ya embe la kwanza la siku kuingia katika pipa, Mama alichuma moja katika mwembe wa nyuma ya jiko lake, mwembe alioujua kama anavyojua watoto wake, akachagua embe ambalo hakuna aliyeweza kulitilia shaka. Waliliita shahidi. Shahidi alitiwa majini peke yake, watu wote wakiangalia. Akizama, maji yamekubalika, kazi inaanza. Nilidhani ni kama sala ya kufungulia kikao, jambo linalofanywa kwa kuwa limezoeleka. Wengi walidhani hivyo. Kwa miaka yote shahidi alikuwa hajapata kuelea, na kitu kisichokosea kamwe watu huacha kukisikiliza.

Katika msimu ninaousimulia, kikundi kilikuwa na mwombaji mmoja. Tulimwita Mama Mapacha. Wazazi wake walitoka Burundi, naye alilelewa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, akaolewa na kijana wa Kabungu. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kirundi, na alipokuwa na haraka herufi l na r zilibadilishana viti. Alikuwa mkulima hodari kuliko wengi waliomcheka. Kwa misimu miwili aliomba kuingia kikundini, na kwa misimu miwili jibu lilikuwa, "Subiri kwanza."

Ni lazima msomaji aelewe aliomba nini. Kikundi kile hakikuwa cha maembe peke yake. Hao ndio waliokulimia ukiugua, waliokuchotea maji ukijifungua, waliokuja na nyimbo zao ukifiwa. Mwanamke aliye nje ya kikundi alikuwa anakaa Kabungu. Aliye ndani alikuwa wa Kabungu. Mama Mapacha alikuwa amezaa hapo, amelima hapo, na bado njiani aliulizwa lini anarudi kwao. Akikataliwa mara hii baada ya kujaribiwa mbele ya watu, hangekuwa na mlango wa kubisha tena.

Alipoomba mara ya tatu, wanawake walimtazama Mama.

"Aje," alisema Mama. "Maji yatasema."

Siku yenyewe ilianza na mawingu mazito upande wa ziwa. Lori lilikuwa limekwisha fika, na dereva, mtu wa maneno mengi, alikuwa amelala chini ya turubai akisubiri. Shahidi alizama mapema. Maembe yakafuata, tenga baada ya tenga. Lile la Mama lilikuwa la kwanza kushonwa. Mimi nilikuwa nimefunga shule kwa likizo, nikishika kamba na kukata ncha.

Mama Mapacha alichelewa. Mmoja wa mapacha alishikwa na homa, ikabidi apitie zahanati kwanza. Alipofika alikuwa amebeba maembe yake kwa mzegazega begani, na beseni la bati la buluu kichwani kama kofia. Akasalimu kwa kupiga goti, akajitenga kidogo chini ya upenu, akachota maji kisimani na kuanza kuosha maembe yake ndani ya beseni lile moja moja. Hakuna aliyeshangaa. Embe lililochumwa hutoa utomvu, utomvu ukikaukia kwenye ganda huacha michirizi myeusi, na kila mwanamke alijua hivyo. Sisi tuliosha kwa maji na kitambaa. Namna yeye alivyoosha hatukuitazama.

Alipomaliza, maembe yake yalikuwa yanang'aa. Pipa, kwa upande wake, lilikuwa limekwisha kumwagwa, kwa sababu wanawake walidhani kazi imekwisha na walitumia maji yake kuoshea turubai la kufunikia matenga. Dereva akaamka, akapiga honi.

"Akina mama! Treni haisubiri maembe yaoge!"

"Na wewe umeoga lini?" mama mmoja alimjibu. Huyu alikuwa jirani yetu, mnene, mcheshi, mwenye ulimi uliotangulia mwili wake popote alipokwenda.

"Mimi sisafiri kwenye tenga, shangazi."

Wakacheka. Mama aliangalia mawingu, akaangalia pipa tupu, akaangalia beseni la buluu.

"Pimia humo humo," alimwambia Mama Mapacha. "Maji yanatosha."

Mama Mapacha akachukua embe kwa viganja viwili, dole gumba amelikunja vizuri, maana alikuwa amejifunza kwa kutazama kutoka mbali. Akalitia majini. Likaelea. Akatia la pili. Likaelea, likajigeuza ubavu kwa starehe. La tatu, la nne. Beseni likajaa maembe yanayosukumana juu ya maji kama bata. Hakuna hata moja lililozama.

Ule ulimi wa jirani yetu ukafika kabla yake.

"Hee! Kwenu mnachuma yakiwa bado maua?"

"Haya si maembe," akadakia mwingine, "ni maboya. Mpeni avukie ziwa arudi kwao."

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko mzaha wenyewe. Mimi naijua sauti ya kicheko cha namna hiyo, kwa kuwa nimeisikia mara nyingi darasani: ni furaha ya watu waliokuwa wakisubiri mtu aanguke, na sasa ameanguka kama walivyotabiri. Ni furaha chafu. Hata watu wema huinywa, wakidhani ni ya bure.

Mama Mapacha hakulia. Alipiga goti mbele ya Mama mkwe wangu.

"Mama, pasua moja. Pasua uone nyama yake. Yamekomaa, mama, naapa mbele ya Mungu."

"Katika kikundi hiki kisu hakipimi," alisema Mama.

"Basi nipasue mimi mwenyewe."

"Ukilipasua wewe leo, kesho kila mtu atataka langu lipasuliwe, na la huyu, na la yule. Tutafika Tabora na maganda." Sauti yake haikuwa na hasira wala huruma. "Lililoelea halisafiri. Sheria hiyo uliikuta."

Nilikuwa nimesimama karibu na beseni, na niliyatazama maembe yale. Mabega yamejaa. Kikonyo kimezama kwenye kishimo chake. Niliinama kama mtu anayeokota kamba, nikanusa: harufu imeamka. Nikagusa moja kwa ukucha, likajibu kwa sauti nzito; nikaliinua kidogo kwa viganja viwili, lilikuwa limejaa. Jicho, pua, sikio na mkono vilikuwa vinasema neno moja, na maji peke yake yalikuwa yanasema lingine. Hakimu mwadilifu akipata ushahidi wa namna hiyo hawafukuzi wale wanne. Anamuuliza yule wa tano ametoka wapi.

Lakini mimi nilikuwa mke wa mtoto. Katika nyumba ile mkwe hakumsahihisha mama mkwe mbele ya watu, na naiona sheria hiyo kuwa ya haki hadi leo, ingawa najua vijana wasomao haya watanuna. Mtu mzima akipingwa hadharani hushika kosa lake kwa mikono miwili. Ukimnyang'anya unamvunja, na akivunjika hakusaidii tena wewe wala yule uliyetaka kumwokoa. Nilikuwa nimemwona mwalimu mwenzangu akimkosoa mwalimu mkuu mbele ya wazazi. Alikuwa na haki yote, na hakuna alichopata ila kuhamishwa.

Kwa hiyo sikupinga. Nilifanya kazi ya mkwe, ambayo ni kutumwa, na kama hajatumwa, kuuliza kama atumwe.

"Mama," nilisema, "nikamlete shahidi?"

Alinigeukia. Sidhani kama mtu mwingine aliyekuwepo alielewa kwamba jambo zito limetamkwa. Yeye alielewa mara moja. Maji yale ya beseni hayakuwa yameulizwa. Katika macho yake nilimwona akipima: lori lina honi, mawingu yana mvua, watu wamekwisha kucheka, hukumu imekwisha tolewa kwa mdomo wake mwenyewe. Kila kitu kilikuwa upande wa kukaa kimya.

"Kamlete," alisema.

Nikaenda ghalani. Juu ya gunia ambako shahidi huwekwa palikuwa patupu. Nikarudi.

"Hayupo, mama."

"Hayupo vipi? Amekwenda kwa miguu?"

Wanawake wakatazamana. Kisha macho yote, moja baada ya jingine, yakatua kwa jirani yetu mnene, ambaye ghafla alikuwa ameona kitu cha maana sana mbinguni. Nyuzi za embe zilikuwa zimening'inia kwenye meno yake.

"Nilidhani kazi yake imekwisha," alisema.

"Umemla shahidi kesi haijaisha!" dereva alipiga yowe kutoka kwenye usukani. Safari hii kicheko kilikuwa cha kweli, hata Mama Mapacha alikaribia kuingia ndani yake. Mama mkwe wangu hakucheka. Aliliendea tenga lake.

"Mwalimu, lete kisu cha kamba."

"Mama, limeshonwa," mmoja alisema kwa mshtuko. Tenga lililoshonwa halikufunguliwa. Mshono ndio ulikuwa neno la kikundi kwa watu wa Tabora.

"Nimelishona mimi. Nitalifumua mimi."

Akakata kamba, akatoa embe lake, embe lililozama asubuhi ile ile mbele ya macho yetu wote. Akalibeba kwa viganja viwili hadi kwenye beseni la buluu, akasogeza mengine kwa kiwiko, akaliweka majini taratibu.

Likaelea.

Dereva aliacha kupiga honi. Mama akarudi kwenye tenga, akachukua jingine. Nalo likaelea, likakaa kando ya maembe ya Mama Mapacha, yasitofautishike. Hapo Mama akachovya kidole, akakitia mdomoni, akatema pembeni.

"Chumvi," alisema. "Nani ametia chumvi?"

"Ni mimi, mama." Sauti ya Mama Mapacha ilikuwa ndogo. "Nyumbani tunaoshea chumvi. Inatoa utomvu. Nilitaka yaje safi."

"Umetia kiasi gani?"

"Yote niliyokuwa nayo."

"Na mboga ya leo?"

"Tutakula hivyo hivyo."

Nilikuwa na somo zima tayari mdomoni. Katika kitabu cha sayansi cha darasa la tano kulikuwa na picha ya yai linalozama katika maji matupu na kuelea katika maji ya chumvi, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito na hukibeba kilichomo. Nilikuwa nimeichora picha hiyo ubaoni mara nyingi. Nikalimeza somo. Kila mtu aliyesimama pale alikuwa amekwisha kuliona kwa macho yake, na mwalimu anayefundisha kilichokwisha kueleweka anajifundishia sifa zake.

Tuliyatoa maembe, Mama akaliinua beseni, akamwaga maji yake chini, mbali na mizizi ya mti wa ua, maana hata katika saa ile alikumbuka kwamba chumvi huua.

"Maji," aliagiza.

Aliyekwenda kisimani ni dereva. Alishuka bila kuambiwa, akachukua ndoo, akarudi mbio huku maji yakimlowesha suruali. "Treni itasubiri," alisema, kinyume cha yote aliyokuwa ameyasema tangu asubuhi.

Mama kwanza alitia embe lake. Likazama hadi chini, likagonga bati kwa sauti ndogo ambayo sitaisahau. Akamwashiria Mama Mapacha. Maembe yake yakaanza kuzama, moja baada ya jingine, na wanawake wakaanza kuhesabu kwa sauti bila kutarajia, kama watu wanaoitikia. Hayakuzama yote. Machache yalielea, safari hii kwa haki.

Hapo likatokea jambo lililonionyesha mtu yule ni nani. Kabla Mama hajafungua mdomo, Mama Mapacha aliyaokota yaliyoelea, akayaweka kando ya miguu yake.

Jirani yetu, ambaye aibu ilikuwa imemgeuza kuwa mkarimu, alisema, "Si tuyapitishe tu hayo machache, mama? Kwa leo. Ameteseka vya kutosha."

"Huruma isiyopima itafika Tabora imeoza," Mama alijibu.

"Kweli, shangazi," Mama Mapacha alimwambia jirani. "Haya ni machanga. Yatapata watoto, wayale na chumvi." Akasita, akatazama lile doa la maji kwenye udongo. "Chumvi yenyewe ndiyo hiyo imemwagwa."

Mama mkwe wangu alicheka. Nimesema kwamba hakucheka kwa adabu. Alicheka hadi akashika kiuno, na wote wakacheka pamoja naye, na katika kicheko kile Mama Mapacha alikuwa miongoni mwa wanaocheka. Kisha Mama akachukua sindano ya kushonea matenga, ile ndefu ya chuma ambayo hakumwazima mtu, akampa.

"Shona lako. Ukimaliza, shona na langu."

Lori liliondoka huku matone ya kwanza yakianguka. Liliwahi treni. Matenga yalifika Tabora salama, na msimu uliofuata yule mama mfanyabiashara alitaka maembe ya Kabungu kwa jina, lakini sisimulii haya kwa ajili ya biashara.

Tangu siku ile utaratibu uliongezewa jambo moja. Kabla shahidi hajatiwa majini, maji yalionjwa, na aliyekabidhiwa kuonja ni Mama Mapacha. Alisimama mbele ya pipa, akachovya kidole, akaonja kwa uzito wa padri, akasema, "Matamu." Ndipo kazi ilipoanza. Hakuna aliyecheka l na r zake katika neno lolote alilosema akiwa amesimama pale.

Mimi nilichukua utaratibu huo darasani, na nimekaa nao hadi umri huu wa mvi za kwanza. Mtoto mmoja akishindwa mtihani wangu, namtazama mtoto. Darasa zima likielea, naonja maji: natazama swali, natazama ubao, natazama nilivyofundisha. Walimu wenzangu wamenicheka kwa hilo. Wengi wao wana dole gumba kubwa. Wanaminya mtoto leo, wanamminya kesho, halafu wanaandika kwamba ana madoa.

Kabla msimu ule haujaisha, baba yake Mama Mapacha alifariki kule makazini. Habari ilifika asubuhi, mwembe wa nyuma ya jiko ukiwa umebakiza maembe ya juu tu. Mama Mapacha akatangulia. Nilidhani tungetuma salamu na watu wawili watatu. Mama alivaa kitenge chake cheusi, akaenda yeye mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji kushughulikia kibali cha kuingia makazini, na aliporudi lori lilikuwa limesimama mbele ya ghala na kikundi kizima kimekwisha panda. Jirani yetu mnene alikuwa amekaa mbele kabisa, akianzisha wimbo.

Tulipofika Katumba, watu wa kule walituangalia tukishuka, wanawake wa Kabungu wengi hivyo, na mzee mmoja aliuliza kwa Kiswahili cha taratibu sisi ni akina nani kwa marehemu.

"Sisi ni watu wa binti yake," Mama alisema.

Akapita katikati yao kuelekea ndani alikokaa Mama Mapacha, na kichwani alikuwa amebeba, pamoja na unga wa msiba, mfuko wa chumvi.